Kamera Yangu, Zamu Yetu

Binamu yangu wa Geita mjini kafunga kamera nyumbani, anaiangalia kwa simu. Nikamuuliza, paswedi ulibadilisha? Akacheka: "Ile ile ya kiwandani, kaka. Kwangu wataiba nini, picha za kuku?"

Jibu hilo lilininyima usingizi. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai ilipita ikijaribu nywila za kiwandani kwenye kamera na ruta za watu, ikateka maelfu. Tarehe 21 Oktoba zikaielemea kampuni ya Dyn ya Marekani, tovuti kubwa zikakwama. Wenye kamera hawakuibiwa hata kuku. Vyombo vyao ndivyo viligeuzwa jeshi.

Je, mtu ana hatia kwa ubaya asioujua? Shinyanga tulishajibu. Sungusungu walipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, yowe likipigwa kila nyumba ilitoa mtu. Aliyebaki kitandani alitozwa faini, ingawa hakuiba ng'ombe. Hakuitwa mwizi, aliitwa kwa kuiacha zamu yake.

Kiwanda kina lawama, fundi naye anayo. Lakini mlango ni wako. Jioni ile tuliibadilisha nywila pamoja. Asubuhi akapiga simu: kaisahau. Tukaanza upya.