Jembe la Mgeni wa Baharini

Kaskazini mwa Pemba, upande wa Makangale, kuna chumba cha hoteli kinachoelea baharini tangu mwaka 2013. Kilibuniwa na Mswidi Mikael Genberg, ambaye awali aliweka kingine cha namna hiyo katika ziwa Mälaren, kwao. Juu mgeni huota jua. Akiteremka ngazi, analala kiasi cha mita nne chini ya maji, vioo kila upande. Usiku taa za nje zikiwashwa, samaki na ngisi huja kumchungulia. Huko Maldivi nako, mwaka 2018 lilifunguliwa jumba la Muraka, lenye chumba cha kulala chini ya bahari.

Mwenye fedha zake ale raha zake. Ila wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni wa matumbawe tumempa jembe gani?

Tumbawe ni mnyama mdogo aishiye kwa hisani ya mwani uliomo mwilini mwake. Mwani ndio unaomlisha na kumpa rangi. Bahari ikizidi joto lake la kawaida hata kwa digrii moja, wiki zikapita, mwani humtoka, akapauka, na asipopata nafuu hufa. Mwaka 1998 matumbawe mengi yalikufa hivyo, kuanzia Maldivi hadi pwani yetu. Na viyoyozi vya hoteli za visiwa kama vya Maldivi mara nyingi huendeshwa kwa dizeli, ambayo moshi wake unachangia joto hilo hilo. Mgeni anakula mbegu.

Nilipolala Chumbe, kisiwa kidogo kusini mwa mji wa Zanzibar, nilikabidhiwa jembe langu. Vibanda ni saba tu, vya makuti. Maji ya kuoga ni ya mvua, hukingwa na paa na kuhifadhiwa chini ya sakafu. Umeme ni wa jua. Chooni huvuti maji. Unachota majani makavu na kufukia. Siku ya kwanza unaona karaha, ya pili unafunga bomba kabla hujajipaka sabuni bila kuambiwa. Mwamba wa magharibi umehifadhiwa tangu 1994, haruhusiwi mtu kuvua, na miongoni mwa walinzi wake wamo waliokuwa wavuvi. Fedha za wageni hulipia ulinzi huo, na pia safari za watoto wa shule wanaoletwa kuyaona matumbawe ya kwao.

Zanzibar sasa inakodisha visiwa vidogo kwa wawekezaji. Akija mmoja na michoro ya vyumba vya kioo, tusianze kumuuliza vitanda vingapi. Tumuulize maji atayatoa wapi, taka atazipeleka wapi, na ngalawa ya mvuvi itapita wapi. Akiwa na majibu, karibu. Asipokuwa nayo, ajenge kwingine. Bahari hii ina wenyewe.