Taa Zisikie Obokano

Taa nyingi za rangi za dukani zinazocheza na muziki hupima jambo moja tu: sauti imepanda au imeshuka. Kwa disko, hilo latosha. Kwa obokano halitoshi hata kidogo! Chombo hiki kikubwa cha muziki cha Abagusii kina nyuzi 8, na mvumo wake mzito haukatiki upesi. Noti inayofuata huukuta ungali hewani. Taa ya dukani itawaka tu, isijue kwamba mpigaji amehamisha vidole.

Basi kijana wa Kisii, kijana wa Nyamira, tengeneza yako. Bandika kihisi cha mtetemo kwenye ngozi ya obokano ili kelele za chumbani zisiingie. Kompyuta ndogo ya ESP32 itatenganisha sauti nzito na nyembamba kwa hesabu ya Mfaransa Joseph Fourier, aliyeieleza mwaka 1822 katika kitabu kuhusu joto. Hapa ndipo penye kazi, usipakimbie. Ukipima kipande cha sauti cha sekunde 0.05, noti zilizopishana kwa chini ya mitetemo 20 kwa sekunde zitachanganyika, na noti nzito hukaribiana kuliko hapo. Ukirefusha hadi sekunde 0.2 utazitambua, lakini taa itabaki nyuma ya kidole. Fanya yote mawili: kipande kifupi kiwashe mwanga papo hapo, kirefu kiamue rangi. Kisha mwanga ushuke polepole, kwa sababu mmweko wa mara 3 hadi 30 kwa sekunde unaweza kumwamshia mtu kifafa.

Mkanda wa taa 60 za aina ya WS2812B waweza kula ampia 3.6 kwa volti 5 ukiwaka mweupe wote, kwa hiyo tafuta adapta yenye nguvu, si chaja ya simu. Na umbo la taa yako? Tabaka ipo! Jiwe la sabuni la huko huchongeka kwa urahisi. Mchongaji akukatie mfereji wa kulaza mkanda, mwanga uangukie ukutani, usipige macho.

Anayesomea umeme Kisii National Polytechnic na mchongaji wa Tabaka wanaishi kaunti moja. Anzeni! Jumamosi hii mtafuteni mpiga obokano, mwombeni apige uzi mmoja mmoja mkirekodi kwa simu, na mumuulize kila uzi unastahili rangi gani.