KOSA NI NENO MOJA, MAANA ZAKE NI MBALI MBALI

Mwezi uliopita alitujia barazani mzee mmoja wa mtaani kwetu, naye ni katika watu tunaowaheshimu, mkononi ana karatasi iliyotoka ndani ya sanduku la chombo cha kupimia presha. Akasema: "Masheikhe, mimi dawa nimeziwacha. Chombo chenyewe kimekiri kuwa hukosa." Tukaisoma ile karatasi, na kweli imeandikwa kwamba kipimo chaweza kuwa na kosa la 3 juu au chini. Tukamwuliza mara ya mwisho alipopimwa alipata ngapi. Akajibu, 180. Basi tukamwambia: "Ondoa hizo 3, wabakiwa na ngapi?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, 177. Jioni ile ile alirudi kwa dawa zake.

Sisi hatumlaumu, kwani kilichompoteza ni neno. Katika lugha yetu mwenye kutupa jiwe lisipige shabaha amekosa. Aliyekwenda kwa rafikiye asimkute amemkosa. Aliyemdhulumu jirani amemkosea. Na mtoto wa chuoni akivuta pasipo na madda huambiwa amekosa. Waarabu kutokana na asili moja wametoa khatai, nayo ni kukosea pasi na kukusudia, na khatia, nayo ni dhambi. Na sharia ikajengwa juu ya tofauti hiyo, aliyeua kwa khatai asihukumiwe kama aliyeua kwa makusudi. Hilo la pili tumelichukua tukaliita hatia, lakini neno kosa tumeliwacha libebe mizigo yote.

Ama kosa la watu wa vipimo halina dhambi ndani yake, wala si ujinga. Mwenye kupima kitu kimoja mara kumi, kwa uangalifu wote, hapati jawabu moja mara kumi. Hupata majawabu yaliyokaribiana, na ule upana wa kutofautiana kwake ndio auitao kosa. Kuliandika ni uaminifu. Aibu ni kulificha. Tazama Ulugh Beg, mtawala wa Samarkand aliyekuwa mwanachuoni wa nyota. Mwaka 1437 alitoa kipimo cha urefu wa mwaka wa nyota, na wa leo wakikipima wakiona kimezidi kwa sekunde 58 hivi, katika mwaka wenye sekunde zaidi ya milioni 31. Hakuna amwitaye jahili kwa hilo. Lakini lau watu wote wa Samarkand wangalisimama kushuhudia kwamba hesabu ya mfalme wao haina ila, zile sekunde 58 zisingaliondoka hata moja.

Katika lugha mambo ni kinyume, kwani humo ushahidi wa watu ndio mizani. Yasimuliwa kwamba Sibawayh, imamu wa nahau wa Basra, alikutanishwa Baghdad na Al-Kisai wa Kufa mbele ya waziri Yahya wa ukoo wa Barmaki, wakabishana juu ya jumla moja yenye khabari ya nge na nyigu: je, neno la mwisho lirufaiwe au linasibiwe? Wakaitwa mabedui waliokuwa mlangoni, nao wakamshuhudia Al-Kisai. Sibawayh akaondoka kwa huzuni, na wako wasemao mabedui wale walihongwa. Wanahau wengi waliokuja baadaye wakampa haki yeye. Lakini angalia: hata waliosema kulikuwa na hongo hawakusema kwamba mabedui hawafai kuulizwa. Nyota haihongeki, msemaji huhongeka, na bado hatuna wa kumwuliza isipokuwa yeye.

Haya yanatugusa nyumbani. Mtoto mmoja wa hapa Mombasa aliandika "mato" na "tini" katika insha yake, akarudi na wino mwekundu na tamko kwamba kwao hawajui Kiswahili. Twajua kwamba mwaka 1928 ulifanywa mkutano, na ajabu ni kuwa ulifanywa papa hapa Mombasa, ikachaguliwa lugha ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili cha shule. Na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Hatuoni ubaya wa mapatano hayo, kwani watu wa nchi nyingi wapate kusomana. Ni mapatano, lakini, si kipimo cha nyota. Mwalimu ana haki ya kusema, "Katika mtihani hatuandiki hivi." Hana haki ya kumfanya mamake mtoto kuwa ni mkosa kwa maneno ambayo washairi wa Mvita waliyatungia kabla ya mkutano huo kuwazwa.

Mtoto alituuliza: "Kwani nyanya amekuwa akikosa miaka yote hii?" Tukamwambia la, hakukosa; aandike "chini" katika mtihani, na akifika nyumbani, akiambiwa na nyanyake aketi tini, aketi.