Unyayo Unahitaji Ardhi ya Kila Namna

Unyayo wa binadamu una mifupa 26, viungo 33, na kano na misuli zaidi ya 100. Wingi huo una kazi yake. Mtu akikanyaga jiwe au mzizi, vidole hutanuka, upinde wa unyayo hulegea, kifundo huinama upande, na mishipa ya fahamu chini ya ngozi huuarifu ubongo hali ya mahali. Goti, nyonga na mgongo hujirekebisha kabla mwenyewe hajatambua kuwa ameyumba.

Vigae na lami haviudai unyayo kazi hiyo. Anayeshinda juu ya saruji, amevaa viatu vya soli nene, hurudia hatua ileile mchana kutwa. Viungo hukakamaa, na uzeeni hata kizingiti cha mlangoni huwa hatari.

Mchanga mkavu ni mwalimu mkali: kutembea juu yake hula nguvu zaidi ya mara mbili ya ardhi ngumu, kwa kuwa sehemu ya kila msukumo hupotea katika kuusogeza mchanga wenyewe. Maji yanapokupwa, mchanga mbichi huwa imara zaidi, ila ufuo huinama upande mmoja, hivyo anayekwenda arudi njia ileile ili miguu yote miwili igawane mzigo. Nyasi ni mwalimu mpole na humfaa anayeanza. Wanariadha wa Iten, Kenya, hufanya sehemu kubwa ya mazoezi yao kwenye barabara za udongo, ambazo hazina hatua mbili zinazofanana.

Kokoto nazo zimepimwa. Katika utafiti wa Oregon, Marekani, uliochapishwa mwaka 2005, wazee waliotembea juu ya mikeka ya mawe laini kwa wiki 16 walipata msawazo bora wa mwili na shinikizo la damu lililopungua kuliko wenzao waliofanya matembezi ya kawaida.

Hata hivyo pekupeku si kila mahali. Udongo wenye funza au minyoo ya safura hautembelewi bila viatu. Kiatu chepesi cha soli nyembamba kinatosha. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za nyayo asijaribu kabla ya kumwona daktari, kwa kuwa kidonda asichokihisi kinaweza kumgharimu mguu. Wengine waanze kwa dakika chache kwenye nyasi, waongeze taratibu, na wapumzike kisigino kikianza kuuma.