Yakobo alitembea kwa mwendo wa watoto

Masomo: Mwanzo 33:1-20, Mwanzo 34, Mwanzo 35:1-7



Siku hizi katika paruasi zetu kuna ombi linalorudi mara nyingi. Mzazi anasimama na kusema: «Muniombee mtoto wangu aliye Marekani. Anataka kutoka jimbo alimo, ahamie jimbo lingine, lakini hajui akae mji gani.» Tunaomba, tunasema Amina, tunaketi. Lakini sala bila mafundisho ni kama mbegu iliyotupwa njiani. Basi leo tuulize Neno la Mungu: mtu wa Mungu anachagua mji namna gani?

Munajua ndugu zetu walifikaje kule. Wengi walikimbia vita vya Kivu na Tanganyika, wakakaa miaka mingi katika kambi, Nyarugusu kule Tanzania, Nakivale na Kyangwali kule Uganda. Katika mwaka wa hesabu wa 2016 peke yake, Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka inchi yetu, kuliko inchi nyingine yoyote mwaka ule. Hao hawakuchagua mji. Mashirika yaliwapangia: wewe Kentucky, wewe Texas, wewe Arizona, wewe Iowa. Walipewa msaada wa kwanza wa siku 90, halafu wakaanza kujitegemea.

Safari ile ya kwanza ilipangwa na wengine. Safari ya pili, ile ya kutoka jimbo moja kwenda jimbo lingine, hakuna anayeipanga isipokuwa baba na mama wa nyumba. Kodi ya nyumba imepanda, watoto wamekuwa wengi, ndugu anapiga simu kutoka mbali na kusema: «Njoo huku, kazi iko, nyumba ni kubwa na bei ni ndogo. Ukae katika mji mdogo wa pembeni, hakuna makelele.» Hapo ndipo hatari inapoanza, na baraka pia.

Sasa tumtazame Yakobo. Yeye pia alikuwa mtu wa kuhama. Ametoka kwa Labani na wake zake, watoto wake na mifugo yake. Njiani amekutana na kaka yake Esau, aliyekuja na watu mia nne. Tangu pale Biblia inatuonyesha miji mitatu: Sukothi, Shekemu na Betheli. Kila mji una fundisho lake.

1. SUKOTHI: MWENDO WA WALIO DHAIFU

Esau alimpokea Yakobo vizuri, akamwambia waende pamoja. Esau ndiye aliyetangulia kuwa na makao, Esau ndiye mwenye nguvu. Yakobo alijibu nini? Alimwambia kwamba watoto ni wachanga na mifugo inanyonyesha. Wakiendeshwa mbio hata siku moja, kundi lote litakufa. Akasema yeye ataenda polepole, kwa mwendo wa watoto. Akafika Sukothi, akajenga nyumba, na mifugo akaitengenezea vibanda. Ndiyo sababu mahali pale paliitwa Sukothi, maana yake vibanda.

Ndugu wapendwa, angalia hekima hiyo. Yakobo hakupima safari kwa miguu yake mwenyewe. Aliipima kwa miguu ya mtoto mdogo kuliko wote.

Sisi tunapima namna gani? Baba anaangalia kazi yake. Yeye ana motokari, yeye ana permi. Anaona mji wa pembeni wenye nyumba ya vyumba vinne, anasema: «Ni hapa.» Lakini katika nyumba ile kuna mama mzee asiyejua kuendesha motokari na asiyejua Kiingereza. Kuna mama wa nyumba anayejifunza bado. Katika miji mingi ya pembeni kule Marekani, duka liko mbali, hospitali iko mbali, na hakuna basi. Chukua Arlington, katika jimbo la Texas, kati ya Dallas na Fort Worth. Ni mji wenye watu zaidi ya 300,000, lakini basi yake moja ilisimamishwa mwaka wa 2017, ikabadilishwa na magari madogo ya kuitwa kwa simu. Mtu mwenye simu na anayejua kuitumia atafika. Mama mzee asiyejua atakaa dirishani toka asubuhi hadi jioni.

Basi mama yule aliyelima Fizi, aliyeuza mihogo kambini, aliyezoea kusalimia watu ishirini kabla ya jua kuwa kali, leo amefungiwa ndani ya nyumba nzuri. Hajapigwa, hajanyimwa chakula, lakini anakufa polepole. Tuseme kodi ya nyumba ile imepungua dola 300. Je, uhai wa mama ni dola 300?

Kwa hiyo swali la kwanza si: «Nyumba ina vyumba vingapi?» Swali la kwanza ni hili: «Aliye dhaifu katika nyumba yangu atafikaje dukani, kwa daktari na kanisani siku ambayo mimi niko kazini?» Kama huna jibu, mji ule si Sukothi yako.

2. SHEKEMU: BEI YA KIWANJA NA HABARI ZA MJI

Kutoka Sukothi Yakobo alifika Shekemu, akapiga hema yake mbele ya mji. Akanunua kiwanja kwa wana wa Hamori kwa vipande mia vya fedha. Biblia inatuambia bei ya kiwanja. Haituambii kwamba Yakobo aliuliza habari za mji. Tena alijenga madhabahu pale, kumbe alikuwa mtu wa sala. Lakini Dina binti yake alitoka kwenda kuwaona mabinti wa inchi ile, na mwana wa mkubwa wa mji akamtenda ubaya. Kosa halikuwa la Dina. Kosa lilikuwa la yule aliyemtenda, na tusikubali mtu aseme namna nyingine. Hasira ya ndugu zake ikamwaga damu, na Yakobo akaanza kuogopa watu wa inchi.

Hatusemi kwamba Wamarekani ni watu wa Hamori. Kuna majirani wema kule, tena wengi waliwapokea watoto wetu kwa chakula na mavazi. Tunasema hivi: binti anataka marafiki, kijana anataka marafiki, na lazima watoke nje kuwatafuta. Mzazi anayenunua bila kuuliza anamtuma mtoto katika giza.

Kuna mambo ya kuuliza kabla ya kutia sahihi kwenye kontra.

Ulizeni habari za shule. Kule, kwa kawaida shule ya serikali ambayo mtoto ataingia inafuata anwani ya nyumba, na sehemu kubwa ya pesa za shule inatoka katika kodi ya nyumba na mashamba ya mji ule. Ukivuka barabara moja unaweza kuwa katika shule nyingine. Waulizeni wazazi wanaokaa pale: watoto wasiojua Kiingereza wanasaidiwa namna gani?

Ulizeni habari za saa za kazi. Ndugu zetu wengi wanatumika usiku, katika viwanda vya nyama na katika maghala. Baba akitumika usiku na mama akitumika mchana, nani yuko na watoto saa ya kutoka shuleni? Katika kartie zetu jirani angemwita mtoto aingie kwake. Kule, mtoto anaingia na ufunguo wake mwenyewe.

Ulizeni habari za gharama zote, si kodi ya nyumba tu. Texas haitozi kodi ya jimbo juu ya mshahara, na wengi wanavutwa na habari hiyo. Lakini kodi ya nyumba na viwanja kule ni kubwa, na pasipo basi kila mfanyakazi anahitaji motokari yake, na kila motokari inahitaji mafuta na asiransi. Kule Maine au Iowa kuna theluji miezi mingi, na kupasha nyumba joto kuna bei yake. Bwana Yesu alifundisha katika Luka 14:28 kwamba anayetaka kujenga mnara anaketi kwanza kuhesabu gharama.

Tena musidharau sheria za inchi. Mgeni asiye raia anayehama lazima atoe habari ya anwani mpya kwa serikali ya Marekani ndani ya siku 10. Msaada wa matibabu unaoitwa Medicaid unasimamiwa na kila jimbo. Hauvuki mpaka pamoja nawe, ni kuomba upya. Kontra ya nyumba kwa kawaida ni ya mwaka mzima, na anayeivunja katikati anaweza kulipishwa. Mwenye sukari au mwenye tumbo la miezi saba asihamishwe kabla ya kujua atatibiwa wapi. Hiyo nayo ni mwendo wa watoto.

3. BETHELI: KUZIKA MIUNGU KABLA YA KUPANDA

Baada ya taabu ya Shekemu, Mungu alimwambia Yakobo aondoke, apande Betheli, akae kule, amjengee madhabahu. Angalieni kwanza kwamba Mungu hakumlaumu kwa kuhama tena. Ndugu aliyechagua vibaya asione haya. Mji si ndoa, unaweza kuuacha.

Lakini kabla ya kupanda, Yakobo aliwaambia watu wa nyumba yake waondoe miungu migeni, wajitakase, wabadili mavazi yao. Wakampa vile vyote, akavizika chini ya mti karibu na Shekemu. Wangepanda Betheli na sanamu ndani ya mizigo, Betheli nayo ingekuwa Shekemu nyingine.

Na sisi sanamu yetu ni nini? Ni sifa. Hapa ninasema na sisi tuliobaki Congo. Mtoto akituma picha ya nyumba kubwa yenye majani mbele, tunapiga vigelegele, tunaonyesha jirani. Akituma picha ya nyumba ndogo ya etaje, karibu na basi na karibu na ndugu wanaosali pamoja naye, tunanyamaza, halafu tunauliza: «Miaka sita yote unafanya nini kule?» Ni sisi tunaowasukuma watoto wetu mbio kuliko mwendo wao. Kundi likifa njiani, damu yake itadaiwa kwetu pia.

Tuzike sanamu hiyo. Mama, ukipigiwa simu, usiulize kwanza nyumba ina ukubwa gani. Uliza: «Munasali na nani? Siku ya juma munafika kanisani kwa njia gani? Ukigonjwa usiku, nani atabisha mlango wako?» Pale ambapo paruasi haiko, waamini watatu au wanne wanaokaa karibu ni mwanzo wa paruasi. Waamini ishirini waliotawanyika kila mmoja katika mji wake wa pembeni, saa moja kwa motokari kati yao, mwishoni wanasali kwa simu, na baadaye hata simu inazimika.

Na mambo haya si ya Marekani tu. Mwaka wa 2015 Katanga iligawanywa kuwa majimbo manne, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Anayetoka hapa kwenda kutafuta kazi ya migodi kule Kolwezi ana maswali yaleyale: lupango liko wapi, maji yako wapi, watoto watasoma wapi, tutasali na nani?

NENO LA MWISHO

Waamini wa Bwana, tukumbuke wazee wetu. Papa Simon Kimbangu alikamatwa mwaka wa 1921, akatolewa katika inchi ya Bas-Congo, akaletwa Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Alikaa gerezani miaka 30, mpaka alipolala tarehe 12 mwezi wa 10, 1951. Waamini wake kwa maelfu walihamishwa kwa nguvu pamoja na wake na watoto, wakatupwa mbali, kama vile Lowa, kati ya watu wasiojua lugha yao. Hawakuchagua jimbo, hawakuchagua mji, hawakuchagua jirani. Wakoloni walifikiri wanazima moto. Kumbe walikuwa wanatawanya makaa. Kila walipotupwa, walisali pamoja, na kanisa likaota pale.

Basi hakuna mji ambao mkono wa Mungu haufiki. Lakini yule aliyenyimwa kuchagua hataulizwa juu ya uchaguzi. Wewe uliyepewa kuchagua, utaulizwa. Utaulizwa juu ya mama mzee aliye dirishani. Utaulizwa juu ya Dina.

Tumefundishwa Upendo, Amri na Kazi. Wengi wanachagua mji kwa Kazi peke yake. Chagua kwa vyote vitatu: mji ambamo utatumika kwa mikono yako, mji ambamo watoto wako wataweza kushika Amri, mji ambamo Upendo una majina na milango ya kubisha. Ukiupata ukiwa na nyumba ndogo, shukuru. Yakobo alianza na vibanda.

Tuombe. Ee Mungu wa Betheli, uliyekuwa pamoja na Yakobo katika njia zake zote, uwatangulie watoto wetu walio mbali. Uwape macho ya kuona aliye dhaifu kabla ya kuona nyumba. Sisi wazazi utuondolee tamaa ya sifa. Na pale watakapopiga hema zao, uwape majirani wema na ndugu wa kusali nao. Katika jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.