Shawa Kumi na Mbili za Hajati

Hajati mmoja wa Nakasero, jijini Kampala, alikuwa na jengo la ghorofa lenye nyumba kumi na mbili za kupangisha, mita moja ya maji, na bili moja aliyoilipa mwenyewe kutoka kwenye kodi. Bili ilipoanza kupanda mwezi baada ya mwezi, hakuita fundi. Alimpigia simu mtoto wa kaka yake aliyeko Dubai.

"Shangazi, tatizo ni shawa zenu," kijana akamwambia. "Zinamwaga maji ovyo. Huku tunaoga kwa lita 6 kwa dakika, na mwili unatakata. Nitakutumia."

Kijana hakudanganya. Shawa ya kawaida kwenye bomba lenye nguvu inaweza kutoa lita 14 kwa dakika, hata zaidi. Anayeoga dakika 8 humaliza lita 112, yaani jerikeni tano na nusu. Kwa shawa ya lita 6, muda uleule hutumia lita 48, jerikeni mbili na ushee. Marekani walilitungia jambo hili sheria mwaka 1992: shawa mpya isizidi galoni 2.5 kwa dakika, kama lita 9.5 hivi. Alichosahau kijana ni kumuuliza shangazi yake maji yanafikaje bafuni.

Maji ya Kampala huvutwa Ziwa Victoria, husafishwa katika mitambo kama ile ya Ggaba, kisha pampu huyapandisha kwenye matangi ya vilimani, likiwemo lile la Muyenga, ndipo yateremke mitaani. Nakasero nayo ni kilima. Nguvu ya maji humfikia kila mtu kwa kadiri ya mahali alipo na saa anayofungua bomba, na ndiyo maana paa nyingi za jiji zimebeba matangi ya plastiki. Katika jengo la Hajati, nyumba za chini zilipata maji moja kwa moja kutoka bomba la mtaani. Za juu zilitegemea tangi lililokaa juu ya dari.

Sanduku lilipofika, akatafutwa kibarua wa bei nafuu. Shawa zote kumi na mbili zikafungwa kwa siku moja, bila kupima chochote.

Nyumba nyingi za chini zilishukuru. Juu ilikuwa kilio. Maji yalitoka kama jasho la mtungi, na sabuni ikagoma kuondoka mwilini. Mpangaji mmoja akapanua matundu kwa msumari. Wa pili akaing'oa shawa nzima, akawa anaoga kwenye bomba wazi linalomwaga kuliko zamani. Wa tatu, mama wa makamo, akarudia beseni na kata bila kumlaumu mtu. Yeye peke yake ndiye aliyeokoa maji ghorofa ile.

Balaa lenyewe lilitokea chini. Chumba kimoja kilikuwa na shawa ya umeme, ile inayopasha maji papo hapo kichwani mwake. Kibarua aliondoa sahani yake ya matundu, akaunganisha kipande cha mpira, akafunga shawa mpya mbele yake. Vifaa vya namna hiyo vimeundwa maji yatoke bila kizuizi. Ukiyabana mlangoni, presha hupanda ndani, swichi hujiwasha, na waya wa joto huchemsha maji machache yasiyotoka upesi. Asubuhi moja kasha likapasuka. Kijana mpangaji akatoka bafuni na bega lililobabuka, akishukuru kuwa ni bega tu.

Hapo ndipo Hajati alipoita fundi mzee kutoka Katwe. Alikuja na ndoo ya lita 10 na saa ya mkononi.

"Hajati, kabla ya yote nionyeshe tangi," akasema. Wakapanda. Mzee akakadiria kutoka maji yalipo hadi kichwa cha shawa ya ghorofa ya juu: mita 2. Kisha akaokota boksi moja la shawa, akasoma maandishi madogo yaliyo chini ya yale makubwa: lita 6 kwa dakika, kwa presha ya baa 3.

"Baa moja ni uzito wa maji yaliyosimama mita 10," akaeleza. "Baa 3 ni mita 30. Wewe una mita 2. Presha ikipungua mara nne, maji hupungua nusu. Yako imepungua mara kumi na tano. Shawa hii hapa haitoi lita 6. Inatoa moja na nusu."

"Basi mbona bili haijashuka?" Hajati akauliza.

Usiku ule mzee akawaomba wapangaji wafunge koki zote. Mita ikaendelea kuzunguka. Akatia rangi ya chakula kwenye matangi ya vyoo, akawaomba watu wasivute maji kwa nusu saa. Katika vyoo vinne rangi ilionekana kwenye bakuli: mipira ya ndani ilikuwa imechakaa, na maji yalikuwa yakipita kimyakimya usiku na mchana. Mipira minne mipya ilipowekwa, bili ikaanza kurudi chini.

Msomaji, funzo ni lako sasa. Anza na uvujaji, kwa sababu hakuna shawa inayoweza kuokoa maji yanayopotelea chooni. Kisha chukua ndoo ya lita 10, fungua shawa yako hadi mwisho, na utazame saa. Ndoo ikijaa kabla ya dakika moja, una maji ya kuokoa, na shawa ya lita 6 hadi 8 itakufaa. Ikichukua dakika mbili au zaidi, huna cha kupunguza. Inua tangi au weka pampu kwanza, ama endelea na beseni bila aibu.

Dukani, liwe ni lile la vifaa pale Soko la Nakasero au pengine popote, uliza presha ya chini kabisa ambayo shawa inahitaji. Zile zinazochanganya hewa na maji huhitaji msukumo mzuri, kwa hiyo tangi la juu ya dari haliziwezi. Chagua inayofunguka na kusafishika, kwa kuwa tope la tangi huziba matundu madogo haraka. Na kama bafuni kwako kuna shawa ya umeme, usifunge chochote mbele yake. Tumia sehemu zake zenyewe tu.

Haraka ya Hajati ilimgharimu shawa kadhaa, kifaa cha umeme na bega la mpangaji. Kipimo cha ndoo kingemgharimu dakika chache. Pima kwanza, ununue baadaye.