Hofu Isikuchagulie Mtaala

Mwaka 1984 mhubiri wa Marekani, Bill Gothard, alianzisha mpango wa kusomesha watoto nyumbani ulioitwa Advanced Training Institute, kwa kifupi ATI. Kwa wakati huo jina lake lilikuwa kubwa. Tangu miaka ya 1970 semina zake za familia zilikuwa zikijaza kumbi, na wazazi waliotoka humo walikuwa na kiu ya kweli: watoto wao wamjue Mungu kabla ya kujua kingine chochote. Hakuna wa kuwalaumu kwa kiu hiyo. Wengi wao walijinyima sana, na akina mama wakageuka walimu wa watoto sita au wanane chini ya paa moja. Kwa hiyo kisa chao kinastahili kusimuliwa kwa heshima. Lakini lazima kisimuliwe, kwa kuwa watoto wengi waliumia mikononi mwa wazazi waliowapenda.

Mtaala wenyewe ulikuwa vijitabu vilivyoitwa Wisdom Booklets. Vilifuata Hotuba ya Mlimani, Mathayo sura ya 5 hadi ya 7, na kila aya ikatolewa masomo ya lugha, historia, sayansi, sheria na tiba. Wakubwa kwa wadogo waliketi meza moja wakasoma kijitabu kilekile. Ilikuwa nafuu kwa mama aliyechoka, na ilikuwa na uzuri wake pia: nyumba nzima imelizunguka Neno la Mungu, baba anasoma, watoto wanauliza.

Kasoro ilikuwa kwenye mpangilio. Aya ya chumvi ya dunia inaweza kumfungulia mtoto maswali kuhusu chumvi, na aya ya taa ikamfungulia maswali kuhusu mwanga. Hayo ni maarifa, ila hayamtoi mtoto hatua moja kumpeleka nyingine. Hisabati hujengwa kama nyumba, na fundi hafungi lenta kabla ya kusimamisha ukuta. Mtoto asiyejua sehemu atakwama kwenye aljebra, na aliyekwama kwenye aljebra hataifuata fizikia. Bwana Yesu hakuitoa Hotuba ya Mlimani ili ipange hatua hizo. Alikuwa akifundisha watu kusamehe, kusali bila kujionyesha, na kutoisumbukia kesho. Tukiilazimisha izae kemia na sheria, tunaipunguzia kemia haki yake, na hotuba yenyewe tunaipunguzia uzito.

Ziko familia zilizoligundua hilo mapema, zikatafuta vitabu vya hisabati na sayansi kwingine. Nyingine ziliamini kwamba vijitabu vinatosha, na sababu yao kubwa ilikuwa hofu. Mafundisho ya Gothard yaliwaonya wazazi kuhusu muziki wa roki, kuhusu vyuo vikuu, kuhusu binti kutoka chini ya mamlaka ya baba kabla hajaolewa. Katika miaka ya 1980 taasisi yake ilionya hata kuhusu wanasesere wa Cabbage Patch, ambao watoto wa Marekani waliwapenda mno. Sasa, mzazi akishaogopa chuo kikuu, kwa nini amwandae mwanawe kwa chuo kikuu? Akishaamini kwamba kazi ya binti ni kumngoja mume, aljebra ni ya nini? Somo hilo huachwa bila hata kujadiliwa, na mtoto hana njia ya kujua kilichoachwa.

Watoto hao walikua. Baadhi yao walitamani uuguzi, uhandisi au ualimu, wakakuta hawana msingi wa kuwafikisha huko. Kadhaa wamesimulia yao hadharani, wengine katika filamu ya mfululizo ya mwaka 2023 iitwayo Shiny Happy People. Gothard, ambaye hakuwahi kuoa wala kulea mtoto wake mwenyewe, alijiuzulu mwaka 2014 baada ya wanawake wengi kumtuhumu kwa unyanyasaji wa kingono, ingawa alikana kutenda jinai. ATI nayo ilifungwa mwaka 2021.

Hasara kubwa kuliko ya hisabati iliwapata vijana walioipoteza imani yenyewe. Mzazi Mkristo aliangalie hili kwa makini. Mtaala mwingine wa Marekani, ACE, ulioanza mwaka 1970 na unaotumika hadi Afrika Mashariki, uliwahi kuwa na kitabu cha sayansi kilichomtaja mnyama wa hadithi wa ziwa Loch Ness, Scotland, kana kwamba yupo kweli, ili awe hoja dhidi ya nadharia ya mageuko. Kijana aliyefundishwa hivyo atakuja kukutana na ukweli. Siku hiyo hatamtilia shaka mnyama wa ziwani peke yake. Atauliza: waliponieleza habari za kaburi tupu, walikuwa wakweli? Anayemfundisha mtoto wake uongo mdogo ili kuilinda imani, imani hiyohiyo ndiyo anayoihujumu.

Kusomesha nyumbani si kosa. Susanna Wesley, mke wa mchungaji wa Epworth huko Uingereza, alizaa watoto 19, na karibu nusu yao walifariki wakiwa wachanga. Waliobaki aliwafundisha mwenyewe, saa sita kwa siku. Mtoto alipotimiza miaka mitano alifundishwa herufi zote siku iliyofuata, kisha akaanza kusoma sura ya kwanza ya Mwanzo. Aliweka kanuni kwamba hakuna binti atakayewekwa kwenye kazi za mikono, kama kushona, kabla hajajua kusoma vizuri, na hayo yalikuwa mwanzoni mwa karne ya 18, wasichana wengi walipokuwa wakishika sindano kabla ya kitabu. Tena aliujua mpaka wake. Mwanawe John alipofika umri wa miaka 10 alipelekwa shule ya Charterhouse, na Charles naye akapelekwa Westminster. Wote wawili walifika Oxford, na kutoka kwao ukazaliwa umethodisti. Mama huyo alimpa Mungu nafasi ya kwanza, na elimu ya walimu wengine hakuiogopa.

Maandiko yenyewe yanatuonyesha njia hiyo. Musa alielimishwa katika hekima yote ya Misri. Danieli alikataa chakula cha mfalme, lakini vitabu na lugha ya Wakaldayo hakuvikataa. Paulo alisoma miguuni pa Gamalieli, na zaidi ya hapo alijua kushona mahema. Timotheo alirithi imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Wote hawa walisimama imara katikati ya maarifa mapana.

Basi wewe mzazi wa Nairobi au Arusha unayepanga vitabu mezani, fanya haya.

Kwanza, jua mlango ambao mtoto wako atapitia, ndipo ununue vitabu. Tanzania, asiyepita sekondari kwa njia ya kawaida hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa, unaojulikana kama QT, ndipo ajiandikishe kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mzazi wajibu wa kumwandikisha mtoto shuleni, na wapo wazazi waliojikuta mahakamani. Pata ushauri wa sheria mapema, mtoto asije akalipia uzembe wako.

Pili, somo lenye ngazi lifuate ngazi zake. Kusoma, kuandika, hisabati na sayansi vifundishwe kwa vitabu vilivyopangwa hatua kwa hatua. Biblia iwe na saa yake ya asubuhi, isomwe kama Biblia, na mwanga wake uenee siku nzima katika jinsi mnavyosema kweli, mnavyofanya kazi na mnavyomtendea jirani.

Tatu, usiagize mtaala kutoka ng'ambo ukauacha ulivyo. Mtoto wa Arusha anayewajua marais wa Marekani huku hajui Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 amenyimwa urithi wake. Asome pia habari za Mungu katika nchi zetu: mashahidi wa Uganda waliouawa Namugongo mwaka 1886, uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 ukaenea Afrika Mashariki. Na Kiswahili kifundishwe kama somo kamili, chenye sarufi, insha na ushairi.

Nne, somo usilolimudu mtafutie mwalimu. Huenda kanisani kwenu yupo mhandisi, muuguzi au mwalimu mstaafu anayesubiri kuombwa.

Tano, kila mwaka mtoto apimwe na mtu asiye wa nyumbani kwenu, asiyekuogopa wala kukubembeleza. Akikuta pengo, lizibeni mwaka huohuo.

Na kila unapotaka kuondoa somo, jiulize kwa uaminifu mbele za Mungu: ninaliondoa kwa sababu halimfai mtoto, au kwa sababu ninaogopa atakachokuwa akilijua? Kama ni hofu, lirudishe somo hilo mezani, kaa na mwanao, msome pamoja. Mungu aliyeumba ulimwengu hana cha kufichwa na mtoto anayeusoma ulimwengu huo.